Nusu ya Juu ya Karatasi

Karatasi ya zamani iliyofungiwa stoo bila hewa inanuka mkojo wa panya na mawese yaliyochacha. Harufu hiyo ikinifikia mahali popote, hata leo nikiwa nimeinama juu ya tairi la mtu kwenye kibanda changu hapa Kasongo, mkono unasimama wenyewe na taya linakaza. Kuna watu wakikumbuka utoto wao wanasema moyo unapoa. Wangu unachemka. Nasema mapema, ili asiyependa maneno ya mtu mwenye hasira aniache hapa hapa, aende akasome mambo ya watu waliosamehe. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, na nikikosea kupanga maneno mtanivumilia. Lakini majina sikosei. Mtu aliyenikatia njia anaitwa Deogratias Kilongo, alikuwa mwalimu wetu, na bado anapita barabara hii na baiskeli yake, anasalimia watu, na watu wanamwitikia.

Stoo ninayoisema ilikuwa nyuma ya shule yetu ya kanisa, chumba cha matofali mabichi chenye dirisha lililozibwa na bati. Zamani, kabla sijazaliwa, alikaa pale Furere mmoja Mzungu, bruda wa kanisa, aliyependa mchezo ule ambao vitabu vinauita sataranji na sisi tulikuwa tunauita eshek, kama Wafaransa. Furere alirudi kwao akazeeka huko, akaacha mbao mbili za kuchezea, mfuko wa vinyago vyake, na sanduku la magazeti madogo. Magazeti yenyewe hayakuwa na habari za dunia. Yalijaa michezo: watu wakubwa wa Ulaya wamekutana kwenye mashindano, na kila hatua waliyocheza imeandikwa kwa herufi na tarakimu, ya mweupe kushoto, ya mweusi kulia, kutoka juu ya ukurasa mpaka chini. Ukijua kusoma herufi zile unaweza kuketi Kasongo ukaona alichofikiri mtu aliyeketi mahali ambapo hutafika maisha yako yote. C ni cavalier, farasi. T ni mnara. D ni malkia. F ni yule anayekwenda upande upande, ambaye Kifaransa kinamwita mwendawazimu, basi na sisi tukamwita Kichaa. Aliyetufundisha kusoma hayo ni Mwalimu Kilongo. Simnyimi hilo. Alikuwa na sauti nzuri na mwandiko mzuri, na alipovaa shati lake la rangi ya krimu tuliona mtu aliyekamilika.

Mimi nilikuwa mgeni mjini. Kwetu ni Kabambare, na baba alinileta Kasongo nikae kwa dada yake, shangazi Veneranda, ili nisome. Shangazi aliuza karanga sokoni, mwanamke mfupi mwenye kifua kipana na mdomo ambao hata mapolisi waliuogopa. Nyuma ya meza yake ndipo nilipojifunza kucheza, si eshek bali dame, yaani drafti, ya vizibo vya chupa, iliyochezwa na wasukuma baiskeli waliongoja mizigo. Dame ya pale haichezwi kimya. Ukila kizibo cha mtu unakigonga kwenye ubao mpaka vingine vinaruka, unamwambia mama yake alimzaa akiwa na haraka, na anayeshindwa anasimama kumpisha mwingine huku watu wanamsindikiza na miguno kama ng'ombe anayetolewa shambani. Nilikulia hapo, nikawa mkali. Mwalimu Kilongo alipofungua kikundi chake cha eshek mwanzo wa kiangazi, tulikwenda watoto wengi, tukapungua, tukabaki wachache tulioipenda kweli. Kati yetu alikuwamo rafiki yangu Sumaili, na alikuwamo Floribert, mtoto wa dada yake Mwalimu, mtoto mtulivu mwenye kandambili mpya.

Kisha ikaja habari iliyobadilisha kila kitu. Direkta wetu, Bwana Mutambala, alisimama mbele ya mistari ya asubuhi akasema kwamba Mafurere wa Kindu watakuja kiangazi kikiisha. Wana shule kubwa kule, yenye mabweni, na wanataka kuchukua mtoto mmoja kutoka Kasongo wamsomeshe mpaka amalize, bila baba yake kutoa chochote. Wamesikia shule yetu bado ina mchezo wa yule Furere wa zamani, ambaye alikuwa mwenzao. Basi mtoto atakayewashinda wenzake kwenye ubao ndiye watakayepanda naye gari. Nilipomwambia shangazi, aliacha kupepeta. Baba yangu alikuwa ametuma neno kwamba mwaka ule ukiisha nirudi Kabambare, shamba limekosa mikono, na kwa shangazi mlo wenyewe ulikuwa wa mara moja. Hakukuwa na darasa la saba kwangu popote duniani isipokuwa Kindu. Shangazi alinitazama akasema: "Kalonda, weye uko na kichwa. Usikilete hapa sokoni, mimi kichwa niko nacho. Kipeleke kule."

Mwalimu alitupa karatasi za magazeti yale tujifunze namna ya kuanza mchezo. Alisema wachezaji wabaya wanapotea mwanzoni kabisa, wanatoa malkia mapema, wanasukuma vijeshi vya pembeni, vile vinyago vidogo vya mbele, kama mtu anayefagia uani wakati nyumba inaungua. Aliyosema ni kweli mpaka leo. Lakini karatasi alizotupa zilikuwa nusu. Nusu ya juu tu. Kila ukurasa ulikuwa umekatwa katikati, na mchezo uliishia pale ambapo watu wamemaliza kupanga majeshi yao na vita inataka kuanza. Tulipouliza nusu ya chini iko wapi, Mwalimu alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema akina mama wa karanga waliingia stoo zamani, wakararua karatasi za kufungia biashara. Watoto wote wakanigeukia mimi.

Toka siku hiyo nilitukanwa njia nzima. "Kalonda! Shangazi yako amefunga akili yetu na karanga!" "Mwambie atutapikie mwisho wa mchezo!" Walikwenda kuimba mpaka mbele ya meza yake. Shangazi aliwasikiliza, akafuta mikono kwenye kitenge, akamshika Sumaili shati kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, akamnyang'anya karatasi yake.

"Njo hapa, weye mwenye mudomo murefu. Mimi ninafungaka karanga na nini?"

"Na karatasi ya simenti, mama," Sumaili akasema.

"Na majani ya ndizi, simenti ikiisha. Ninakata na nini?"

"Na meno."

"Basi angalia meno yangu." Akayafungua, na lile la mbele lilikuwa halipo. "Meno hii inaweza kukata mustari wa kunyooka hivi? Mwenye kukata hii alikuwa na rula na wembe. Mwanamuke wa soko anapata wapi rula? Kimbia, uende kuuliza mwenye rula."

Wasukuma baiskeli walicheka mpaka mmoja akaangusha mzigo. Mimi ndiye niliyekwenda kuuliza. Mwalimu Kilongo hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu, akasema ni kweli, alizikata mwenyewe, kwa faida yetu, kwa sababu mtoto akiona mwisho wa mchezo anasahau mwanzo. "Kwanza mujue kuanza. Kumaliza nitawafundisha mimi." Maneno mawili tofauti kwa jambo moja, na sikuona. Nilikuwa mtoto, yeye alikuwa na shati la krimu.

Basi nikajifunza kuanza. Sijui kama kuna mtu mwingine wa umri wangu hapa Maniema aliyejifunza kitu chochote kwa namna ile. Asubuhi, nikitoka kuchota maji, nilipanga vinyago vyangu chini ya upenu. Nilivichonga mwenyewe kwa magunzi ya mahindi, mfalme nikamvalisha kizibo, Kichaa nikamchoma na moto upande mmoja ajulikane. Naweka karatasi mbele, nafunika safu ya kulia kwa kiganja, nasoma hatua ya mweupe, naicheza, kisha najiuliza: mimi ningejibu nini? Najibu. Ndipo nafunua kiganja. Mara nyingi yule mtu wa karatasi alikuwa amecheza kingine, na hapo ndipo kazi inaanza, kukaa na kutafuta kwa nini chake ni bora kuliko changu. Mchana nageuza, nafunika safu ya kushoto. Njiani kwenda mtoni nilizitamka hatua kwa sauti kama mtu anayesoma rozari, na vikongwe walinionea huruma wakidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Baada ya muda karatasi zikaanza kuzungumza zenyewe. Nilizipanga mafungu, zinazoanza sawa nikazilaza pamoja, nikaona watu wawili wamekwenda njia moja hatua kwa hatua kama ndugu, kisha mmoja ameacha njia, na hapo nikatia alama ya mkaa. Niliona farasi wanatoka kabla ya malkia. Niliona kila mtu anagombania zile nyumba nne za katikati kama wanavyogombania kisima. Niliona mfalme anakimbilia pembeni na mnara unaruka kumkinga, na kwamba anayechelewa kufanya hivyo anajuta. Vitu hivi hakuna aliyeniambia. Sumaili naye alijifunza, ila kwa njia yake: aliona mahali pengine pana alama ya mshangao mbele ya hatua, akaamini ndipo unapotakiwa kugonga kinyago kwa nguvu kama kwenye dame. Alikariri pa kugonga, hakukariri hatua. Tulimcheka sana, na kule kucheka ndiko kitu pekee cha kiangazi kile ninachokikumbuka bila uchungu.

Lakini wote tulikuwa na kosa moja, na kosa hilo lilitoka shuleni kwetu. Mwisho wa kila mwaka kwetu kuna proklamasio: wazazi wanakuja, direkta anasimama, anasoma majina ya darasa zima kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Jina likiwa mbele ni la aliyeshinda, kila mtoto anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Na juu ya kila karatasi ya mchezo kulikuwa na majina mawili. Tukaamini, bila mtu kutuambia, kwamba aliyeandikwa mbele ndiye aliyeshinda, kwa hiyo mwanzo wake ndio wa kufuata. Kumbe aliyetajwa mbele ni mwenye weupe tu, na nani ameshinda kunaandikwa mwisho kabisa, chini. Chini ambako sisi hatukuwa nako. Tulisema jambo hili mbele ya Mwalimu mara nyingi. "Mwalimu, huyu wa mbele alimshindaje?" Alitusikia. Akanyamaza, akatazama dirishani. Nimekaa na kunyamaza kule maisha yangu yote.

Karatasi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya watu wawili wenye majina marefu yasiyotamkika, nikayakariri kwa herufi. Mweupe wa mchezo ule alikuwa mtu wa ajabu. Anatoa kijeshi chake cha karibu na mfalme kiliwe bure. Mweusi anakila. Mweupe anatoa farasi, anatoa Kichaa, mweusi anasukuma vijeshi kumfukuza yule farasi, na badala ya kumwondoa, mweupe anamficha mfalme pembeni kana kwamba hajaona. Farasi analiwa. Ndipo malkia anatoka, anakula aliyemla farasi, na njia yote mbele yake iko wazi kuelekea kwa mfalme mweusi. Hapo wembe ulipita. Nilikaa na karatasi ile nikijua kwamba chini yake kuna mauaji makubwa, mazuri, na kwamba aliyeandikwa mbele ndiye aliyeyafanya. Nilimwonyesha Mwalimu, nikamwambia nikipata weupe nitacheza huu. Aliushika, akausoma taratibu, akanirudishia. "Muzuri," akasema. "Jifunze huo vizuri."

Furere wa Kindu alikuja, mrefu, mweusi, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Walipanga meza darasani, tukachezeshwa siku nzima, na sisi tuliobaki mwisho tukawa wawili, mimi na Floribert. Nilimshinda kila mtu aliyekaa mbele yangu, kwa sababu walipoteza mapema, nami kuanza nilikujua. Watu walijaa madirishani. Shangazi alikuwa ameacha meza yake sokoni, jambo ambalo halikutokea hata alipofiwa, akasimama mlangoni na beseni kichwani. Nikapewa weupe. Nikasema moyoni, Mungu yupo.

Nikatoa kijeshi. Floribert akakila. Nikatoa farasi, nikatoa Kichaa, akasukuma. Nikamficha mfalme. Watu wa dame waliokuwa dirishani wakapiga kelele, "Farasi! Farasi, weye kipofu!", na Furere akanyanyua miwani yake. Floribert akamla farasi. Nikamtoa malkia. Kisha nikainua macho nimtazame anavyoogopa, kwa sababu nilidhani hapa ndipo mtu anaanza kuogopa. Floribert hakuwa anaogopa. Hakuwa hata anafikiri. Alinyoosha mkono akaleta malkia wake mbele, kwa upole, kama mtoto anayejibu sala aliyoizoea. Nikacheza kitu. Akajibu palepale. Nikacheza kingine. Akajibu. Mimi nilikuwa kwenye pori ambalo sijawahi kukanyaga, nina upungufu wa farasi, na yeye alikuwa anatembea uani kwao. Haikuchukua muda. Mfalme wangu, ambaye mawazoni mwangu bado alivaa kizibo, aliangushwa, wala sikungoja waniambie, nikasimama mwenyewe kama tulivyofundishwa na vizibo. Mlangoni beseni la shangazi halikuwepo tena.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Floribert alinifuata. Hakuja kunicheka. Alikuja kuuliza, kwa kweli kabisa, kama mtu asiyeelewa.

"Kalonda, ajili ya nini ulicheza ile? Ile mweupe anakufaka."

"Nani amesema?"

"Iko pale chini ya karatasi. Hukusoma chini?" Akaona uso wangu. "Mjomba hakukupa chini?"

Alikuwa nazo zote. Kila ukurasa, juu na chini. Kiangazi kizima tulipokuwa tunafunika safu kwa viganja, yeye alikuwa mezani kwa mjomba wake anasoma mpaka mwisho, nani ameshinda na kwa nini. Mwalimu Kilongo alikata karatasi kwa rula na wembe, akatugawia vichwa, akabaki na miili. Na mimi nilipompelekea mwenyewe mchezo nitakaoucheza, mchezo ambao mweupe amekufa, aliniambia muzuri.

Shangazi alikwenda kwa Direkta Mutambala siku iliyofuata, amevaa kitenge chake cha kanisani. Sikumsikia, lakini alinieleza baadaye na sitasahau. Direkta alimwambia, "Mama Veneranda, mjomba asipomsaidia mupwa wake atamsaidia nani? Weye ungefanya nini?" Akaongeza kwamba mchezo ulichezwa mbele ya macho ya wote, na kwamba karatasi si chakula. Na watu wa mtaa walisema hivyo hivyo. Mjomba na mpwa, hayo tunayajua, ndivyo tunavyoishi. Kwa hiyo kila mtu alikubali kwamba mwizi ameiba vizuri. Floribert akapanda gari la Mafurere. Sikumchukia yule mtoto, alikula alichowekewa. Baadaye alipata kazi ya ofisini Kindu, na nasikia mchezo wenyewe aliuacha palepale shuleni.

Mimi nilirudi Kabambare na mfuko wenye magunzi na karatasi nusu. Nililima na baba na kaka yangu mkubwa, yaya Lukendo. Vita ilipofika kwetu ilitukuta palepale shambani. Sitaeleza sana, wenye masikio wamesikia ya kutosha. Baba na yaya Lukendo hawakutoka. Mimi nilitoka kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuchimba mihogo ya bonde la mbali, kisha nikakaa porini mpaka ngozi yangu ikafanana na magome. Nilipotoka nikafuata wengine Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu, nikabeba udongo wa watu mpaka mgongo ukakataa. Karatasi zilibaki huko huko nilikokimbia. Waliokuja na bunduki siwajui majina. Walifunika nyuso, na walisema kwa lugha za kuchanganya. Ningewajua ningewaandika hapa mmoja mmoja. Kwa kuwa siwajui, ninaandika wale ninaowajua: Deogratias Kilongo, aliyekata, na Mutambala, aliyesema karatasi si chakula. Mtu ataniambia Mwalimu hakuleta vita. Najua hakuleta. Lakini siku ile ya mihogo palikuwa na kitanda Kindu chenye mtoto ndani yake, na kitanda kile kilitakiwa kigombaniwe kwa haki.

Siku hizi niko Kasongo tena, naziba matairi ya pikipiki na baiskeli karibu na soko, si mbali na mahali ilipokuwa meza ya shangazi, Mungu amlaze. Mbele ya kibanda nimeweka ubao, na vijana wa pikipiki wanacheza eshek wakingoja abiria. Binti yangu Neema anawashinda wote. Ana simu, na ndani ya simu, nisikilizeni, mna michezo yote. Ile ya watu wa zamani na ya juzi, mizima, kutoka juu mpaka chini, na aliyeshinda ameandikwa. Anajifunza kama nilivyojifunza mimi, anafunika upande mmoja kwa kidole, na mimi sikumfundisha hivyo. Nikimtazama nafurahi, kisha nakasirika, na hasira inabaki baada ya furaha kwenda. Hakuna mtu anayeweza kumkatia karatasi. Hajui hata kwamba karatasi hukatwa. Aliwahi kuniambia, "Papa, ni mchezo tu, unakasirikia nini miaka hii yote?" Nikamwambia afungue simu, anitafutie mchezo.

Nilimtajia hatua moja moja, kwa sauti ile ile ya njia ya mtoni. Aliziingiza, na majina yale marefu yakatokea, herufi kwa herufi. Nikaketi kwenye kigoda. Nilisoma nusu ya chini ya karatasi yangu nikiwa na nywele nyeupe. Ni kweli mweupe alikufa. Lakini hakufa kwa sababu ya mwanzo. Malkia wa mweusi alipokuja mbele, kama alivyokuja wa Floribert, mweupe alikuwa na jibu, akalijibu vizuri, akaendelea kukaba, mfalme mweusi akihangaika katikati bila pa kujificha. Mweupe aliharibu mbele sana, kwa papara, karibu na mwisho. Neema alipitisha juu ya mchezo ile mashine ya simu inayopima hatua, akasema, "Papa, mpaka hapa pako ulikuwa sawa kabisa. Mchezo ulikuwa wa wote." Nilimwambia arudie. Akarudia. Sikulala vizuri kwa siku kadhaa, na sijui kama jambo lile lilinipunguzia au liliniongezea.

Basi mwezi uliopita Mwalimu Kilongo akaja kibandani na tairi la nyuma limelala. Amekuwa mdogo, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nilimzibia, kwa sababu ndiyo kazi yangu na sikatai tairi la mtu. Alipokuwa anangoja aliona ubao. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekuta ndugu.

"Eshek! Kalonda, mwanangu, bado munacheza? Tucheze hata moja, mimi na weye. Niko mwalimu wako."

Vijana wa pikipiki wakampisha kiti kwa heshima. Akaketi, akaanza kupanga vinyago, vyeupe upande wangu. Mimi nilibaki nimesimama na pampu mkononi.

"Mwalimu," nikasema, "nitacheza. Lakini kwanza leta ile nusu ya chini."

Alinitazama. Hakuuliza nusu ya nini. Hilo ndilo nililotaka kujua miaka yote, na sasa najua: hakuhitaji kuuliza. Alishika kijeshi kimoja, akakizungusha, akakirudisha mahali pake.

"Ziliunguaka," akasema. "Nyumba yangu iliungua wakati wa vita, na kila kitu. Weye unajua vita."

"Najua vita."

"Basi, mwanangu. Ni ya zamani hiyo."

"Basi hatuna mchezo," nikamwambia, nikamletea baiskeli yake.

Neema akainamia simu yake. Mwalimu aliinuka, akashika usukani, akangoja kidogo kama anayedhani nitaongeza neno. Tairi lilikuwa limejaa upepo, gumu kama jiwe, lakini hakupanda. Aliisukuma baiskeli akitembea kwa miguu mpaka akapotea upande wa kanisa, na mimi nikarudisha vinyago vyeupe kwenye mfuko, kimoja kimoja, kabla hajaketi mtu mwingine.